Faini ya Siku Kumi na Mbili

Mia moja na saba, palipoandikwa themanini.
Karibu na Iisalmi, mvua ya theluji, saa kumi jioni na giza tayari,
taa ya buluu ikajaa kwenye kioo cha nyuma.
Nilikuwa nimemwambia. Sikurudia.

Konstebo ni binti mdogo, kofia imemzidi,
jina kifuani: Räsänen.
Hakufoka. Alimwomba Taisto leseni
kama jirani anayeazima chumvi.

Nchi hii faini haina bei ya dukani.
Hukatwa kwa siku, na siku hupimwa kwa mfuko wa mtu:
mwenye nacho akikimbia, hulipia unono wake,
asiye nacho, kwa kadiri ya uhaba.
Haki hiyo, tuliwahi kusema mezani, tukacheka
tuliposoma gazetini habari za bwana mmoja na gari lake jekundu.

"Rejista ya kodi inasema elfu tatu na mia nne kwa mwezi.
Bado ni hivyo?"

Waipa ikaenda, ikarudi.
Ikaenda.
Taisto akautazama usukani kana kwamba jibu limeandikwa pale.
"Hapana," akasema. "Tangu Agosti."

Agosti.
Basi Septemba yote, Oktoba yote,
nilikata mkate mweusi, nikapaka siagi, nikapanga tango,
nikafunika kopo, nikambusu mlangoni saa kumi na mbili na nusu,
naye akaondoka. Kwenda wapi? Alikula wapi?
Ndani ya gari hili? Mbele ya ziwa gani?

Konstebo akashusha sauti. Vidole vyake
vilikuwa vyekundu kwa baridi juu ya kile kidude.
Siku zilibaki kumi na mbili; thamani ya kila siku ikaporomoka
hadi euro sita, ngazi ya mwisho.
"Watoto mnaolea?"
"Wawili," nikajibu mimi, kwa kuwa yeye sauti ilimkauka.
"Na andika kwamba mimi nafanya kazi. Zamu za usiku, hospitalini. Andika."
"Mshahara wa mke hauhesabiwi," alisema,
akaniangalia kwa muda uliozidi haja.

Euro sabini na mbili.
Nikawaza: ufukara nao una punguzo lake.

Tukarudi barabarani kwa sitini,
malori yakitupita, yakiturushia matope ya theluji,
na hakuna kati yetu aliyesema ongeza.