Milimita Tatu

Juni, Mwanjelwa. Baridi imeingia hadi kwenye kopo la wino,
Anyosisye anaukanda wino kwa kisu kipana
kama mtu anayesonga ugali wa watu wawili.
Mimi niko kwenye kompyuta, koti mwilini,
napanga kalenda ya wakulima wa viazi wa Isongole.

Picha yao ni moja tu. Watu ishirini na tisa shambani,
Rungwe nyuma yao umejifunika ukungu hadi mabegani,
na mwisho kabisa, kulia, Subilaga Mwakajila
ameegemea jembe. Kiwiko chake
kimeishia pale pale picha inapoishia.

Katibu wao, Gwakisa, kaja na buti zenye udongo mweusi.
"Ijae karatasi yote. Weupe pembeni hatuutaki,
watu watasema jembe halikufika."
Basi tutaweka blidi, namwambia.
"Ndiyo nini?"
Picha inavuka ukingo, milimita tatu kila upande,
halafu tunakata.
"Mnavusha ili mkate?"
Tunavusha ili tukate.

Namweleza: kisu si malaika.
Bana karatasi mia tano, za chini zitateleza kidogo,
na rangi ikiwa imekomea mpakani,
utabaki uzi mweupe,
na mwaka mzima macho ya mgeni sebuleni
yatauona uzi kabla ya kuwaona ninyi.

Akakaa kimya, akang'oa tope kwenye buti kwa kijiti.
"Hiyo ni lumbesa," akasema.
"Gunia limejaa, mnunuzi anataka kichwa juu ya mdomo wake,
anakisuka kwa kamba, na kile kichwa hakilipii.
Nimejaza lumbesa miaka kumi na minane.
Kumbe na karatasi inaila."

Anyosisye alicheka. Mimi sikucheka,
maana ziada ile nilikuwa nimeshaiandika kwenye ankara.
Nikaifuta.

Tatizo likawa upande wa kulia: hapakuwa na cha kuvusha.
Nikiikuza picha, kiwiko kinaondoka na kisu.
"Huyo ni mweka hazina," Gwakisa alisema akiwa mlangoni.
"Mkate yeyote. Yeye usimguse."

Usiku ule nililima.
Mimi, ambaye viazi navijua vikiwa chipsi,
nilikopa tuta kutoka kushoto nikalipandikiza kulia,
nikaongeza majani, ukungu kiasi,
nikamalizia ncha ya kiwiko cha mwanamke nisiyemjua,
rangi ya sweta niliichovya begani kwake.
Milimita tatu za shamba lisilo na mwenyewe,
zote za kukatwa asubuhi.

Kisha alama za kukatia. Mistari minane, miwili kila kona,
myembamba, haigusani, wala haigusi picha.
Inasimama nje kama bikoni za wapima ardhi,
inaoneshana kwa mbali
kona ambayo hakuna aliyeichora.

Gilotini ilishuka saa nne. Sauti yake
ni ya mtu anayekaa kwenye kiti cha majani makavu.
Vipande vikaanguka: vijani, vijivu, vyeupe vyenye mistari,
Tumpe wa vitumbua akaja na ndoo yake kama kawaida,
shamba langu likawashia jiko.

Gwakisa alihesabu kalenda mbili mbili, akalipa, akaondoka.

Wiki mbili baadaye simu, namba ngeni, sauti ya mwanamke:
"Wewe ndiye wa kalenda? Mimi Subilaga.
Wenzangu wote kwao kiwiko kimekatwa.
Yangu mimi kipo, chote.
Imekuwaje?"

Nilitaka kumwambia karatasi za chini huteleza.
Nje, upepo wa Loleza ulikuwa unapekua mabango ya uchaguzi uliopita.
"Kinafanana na chako?" nikamuuliza.

Akanyamaza. Nilimsikia akivua sweta, au nadhani.
"Chembamba kidogo," akasema.
"Lakini kaa nacho hivyo hivyo. Kimepumzika."