Lifti Inayokula Sarafu

Lifti yetu hapa Gldani haipandi bure.
Ina kimdomo cha chuma, hudai tetri kumi,
ukikosa, inakukodolea tu kama karani wa mahakama.
Ndiyo maana pembeni, juu ya masanduku ya barua,
pana chupa iliyokuwa na jamu ya tini,
na karatasi aliyoibandika Manana wa ghorofa ya nne:
Ya Tsiala na ya Malkhazi. Wengine mna miguu.

Nakiri, nami mwenye miguu nimewahi kuchovya mkono humo,
viazi mgongoni, mvua shingoni.
Hakuna aliyeuliza. Hesabu ya chupa ile
haijawahi kulingana tangu siku ya kwanza:
mara pungufu, mara imezidi,
mara pana kifungo cha koti,
mara noti ya lari ishirini, imekunjwa ikawa ndogo kama kidonge.

Februari lifti ikafa.
Fundi akaja, akatikisa kichwa,
akaondoka na bisibisi ya Zurabi.
Malkhazi yuko ghorofa ya tisa
na figo zake hazijui habari za fundi:
Jumanne na Ijumaa sharti damu yake ikasafishwe.
Tukapanga zamu. Zurabi muuza matairi,
mapacha wa ghorofa ya pili,
yule kijana asiyesalimia mtu,
nami natangulia na tochi, nahesabu ngazi.

"Msinibebe kama kabati," akasema siku ya kwanza.
"Kabati halina kizunguzungu. Mgongo wangu uelekee juu,
magurudumu ya nyuma yaguse ngazi kwanza,
na wewe, Zurabi, acha kunipumulia vitunguu."
Asante hakusema. Ghorofa ya tano alituamuru tupumzike,
akatoa mfukoni mbegu za alizeti, akatugawia,
kana kwamba sisi ndio wageni, na ngazi ni sebule yake.
Nilikasirika kidogo.
Mbegu nilizila.

Tsiala wa ghorofa ya sita hashuki tena.
Kila asubuhi, saa mbili na nusu,
huteremsha kikapu kwa kamba ya kuanikia nguo;
Eteri muuza mikate anatia mkate, anatoa pesa,
kikapu kinapanda kikijigonga ukutani.
Alhamisi moja hakikushuka.
Nilipita pale pale chini nikiwahi kazini
na sikuona kitu.
Kilichokosekana hakipigi kelele.

Ila juu kulikuwa na mtu
ambaye roshani yake ndiyo mtaa wake.
Malkhazi akatwaa kijiko cha supu, akagonga bomba la joto:
mara tatu, kimya, mara tatu.
Bomba lile hupita jikoni kwa kila mmoja wetu.
Chai zikaachwa zikipoa, viatu vikavaliwa kinyume,
watu wakapanda wakiulizana ni nani, ni nani,
na yule kijana asiyesalimia
akavunja kitasa kwa bega.

Tsiala alikuwa sakafuni, nyonga imevunjika,
mayai jikoni yamechemka hadi yakaungua.
"Zimeni jiko," akasema, "kisha ndio mlie."

Sasa ni Mei. Lifti imefufuka, inaguna, inadai.
Tsiala amerudi na chuma ndani ya nyonga;
kikapu hushuka saa ile ile, ila kamba imeshikwa na kijana
(bado hasalimii).
Ijumaa, nikitoka sokoni, namkuta Malkhazi mlangoni,
amerudi hospitali, plasta mkononi.
Anaigonga chupa kwa ukucha kama achaguaye tikiti.
"Imepungua," anasema, na anayetazamwa ni mimi.
Natumbukiza nilichonacho, uso unaniwaka.
Anachomoa sarafu moja, anailisha lifti,
ananisogezea magurudumu ili nipate pa kusimama,
na lile dude la chuma, baada ya kufikiri kidogo,
linatupandisha wawili kwa bei ya mmoja.