Pingili ya Kumi na Tatu

Kahawa imepoa. Chini ya lenzi
nyuki mweusi, madoa meupe magotini,
miguu haina hata unywele wa kubebea chavua.
Mdoezi huyu: hajengi, hachumi,
yai lake hulilaza kwenye chumba cha mwenziwe
na kwenda zake.

Idaira anahesabu pingili za papasi.
Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili, jike!
Halafu ya kumi na tatu,
ndogo kama kosa la chapa.

Dume tena. Mwaka wa nne.
Na madume wa visiwa vyote hivi
wamefanana kama punje za mtama.

Anaandika kwa penseli:
El Hierro, ukuta wa zizi la Eustaquio, Aprili.
Mbele ya "spishi"
anaacha nafasi ya neno moja,
anautafuta wavu.