Mizani Haijakosea

Mizani ya kituo namba nne haijawahi kukosea.
Niliijaribu mwenyewe Jumatatu kwa mfuko wa sukari:
kilo mbili ikasema kilo mbili,
ingawa ukungu wa Mufindi ulikuwa mzito
hata mshale sikuuona mpaka nilipoufuta kwa kanga.

Kilo ya Sikujua Chavala na kilo ya Festo Mdemu
bei moja. Imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu.
Wageni wakija msimamizi huwaonesha kwa fimbo:
"Hapa chai haina mke wala mume."

Basi nieleze, daftari,
wewe ninayekubeba kwapani kila jioni,
imekuwaje mwisho wa mwezi
Festo anapata bati nane na chenji,
Sikujua anapata bati mbili
na deni la duka la kambi?

Nimerudi nyuma kurasa, kidole mstarini.

Mashine za kuchumia walipewa wanaume, wawili wawili,
maana zina petroli,
na petroli, wanasema, haielewani na gauni.
Sikujua anachuma kwa vidole kumi,
viwili vimefungwa plasta.

Saa kumi na mbili Festo yupo shambani.
Sikujua anaingia saa mbili:
kuni, uji, maji,
mtoto mmoja shule, mmoja mgongoni,
mama mkwe mwenye kifua.
Saa hizo nazo zina jasho, hata Julai.
Daftari halina safu ya kuziandika.

Zamu ya usiku kiwandani ina nyongeza.
Barabara ya usiku haina taa.
Mwaka juzi binti wa Kihwele aliishika zamu ile,
akaiacha baada ya wiki, hakusema kwa nini,
wala hakuna aliyeuliza mara ya pili.
Tukaandika: wanawake hawapendi usiku.

Na nafasi ya unyapara
ilitangazwa kilabuni, Jumamosi, kwenye ulanzi.
Tangazo halikubandikwa popote. Lilinywewa.

Kweli mizani haijakosea.
Mizani hupima kilichofika.

Marehemu baba alikuwa mtu wa tungo.
Akikuta mstari umepungua mizani hakuusahihisha pale pale,
aliusoma ubeti mzima toka juu, polepole,
akitafuta guni lilipoanzia.

Jana, nikitafuta faili la mbolea,
nikakuta barua ya ajira ya Bwana Mgovano,
karani aliyenitangulia. Cheti kama changu,
meza hii hii, kiti hiki hiki chenye mguu mbovu.
Mshahara wake wa kwanza unauzidi wangu wa leo,
mwaka wa sita.
Pembeni, mwandiko wa meneja:
"Ana watoto watatu. Aongezwe."

Nikafungua faili langu.
Mwandiko ule ule, wino ule ule:
"Ana watoto watatu. Tuangalie kama atamudu."

Watatu kwa watatu, jamani.
Wake walivikwa viatu,
wangu wakageuzwa shaka.

Lakini niseme na langu.
Siku ile niliulizwa nataka kiasi gani.
Niliviangalia viatu vyangu, nikajibu,
"Chochote mtakachoona kinafaa."
Siku ya mahari yangu nilikaa chumba cha ndani
wajomba wakitaja hesabu sebuleni;
kwamba mdomo huu nao una kazi hiyo,
nami, kama jina la Chavala, sikujua.

Leo nimekuja ofisini na mafaili mawili.
Katibu anasema meneja yuko Mafinga,
atarudi Jumatano, labda Alhamisi, mvua ikiruhusu.
Nimemwambia nitakaa kidogo.
Kidogo imefika saa tisa.
Nje wanaanza kupima, nawasikia wakiniita,
na Sikujua yupo mwanzoni mwa foleni leo,
kapu kichwani, anapunga mkono dirishani
kama anayeuliza.
Namba ninayoitaka nimeiandika kiganjani.
Nikiulizwa safari hii
nitaangalia hapo, si viatuni.