Mliza-Mkwe

Jumatatu Nélida Huallpa hakuja shule.
Jumanne hakuja.
Jumatano akaja, kucha nyeusi, nyayo zimepasuka,
akafungua daftari lililonuka udongo.

Mtihani ulitoka wilayani, una muhuri:
*Andika insha. Siku yangu ufukweni.*
Sisi tuko mita elfu nne juu ya bahari.
Maji tunayoyajua huganda ndooni usiku,
asubuhi nayavunja kwa kitako cha kikombe.

Aliandika hivi, nanakili bila kurekebisha:
*Ufukweni sijafika. Nilikuwa shambani.
Tulitandaza viazi juu ya nyasi vilale na baridi.
Bibi alitoka mara tatu usiku kuvigusa.
Asubuhi tulivikanyaga peku, maji yakatoka,
kaka Edilberto akateleza, tukacheka.
Vikikauka vinakuwa vyepesi kama mawe ya uongo.
Mama alipozaliwa, babu aliweka gunia.
Tulilimaliza juzi.*

Nikashika kalamu nyekundu.
Mwongozo wasema: nje ya mada, sifuri.
Mimi ni mtoto wa fundi cherehani, wa mjini;
mwaka wa sita huu nala wanachonipikia
na sijauliza hata siku moja
hiki kinaitwaje.

Nikampa chaki.
Andika majina ya viazi vya kwenu.
Akaanza kwa lugha ya bibi yake, polepole,
ulimi nje kidogo:
Mguu wa Puma.
Pua ya Lama.
Mliza-Mkwe, hicho chenye vifundo na mabonde
apewacho bi harusi akimenye,
na maganda yakiwa manene, ole wake.
Darasa likacheka. Kisha likainuka.
Umesahau cha zambarau! Umesahau kile cha mjomba!
Wakabishana namna ya kuandika
ule mkwaruzo wa kooni usio na herufi,
wakanigeukia,
nami sikujua.
Tukaupachika alama ndogo juu, kama kijiti cha kupandia.
Ubao ukajaa. Wakahamia mlangoni,
majina arobaini na moja, chaki ikaisha.

Sifuri imebaki sifuri kwenye fomu ya wilaya.
Sikuwa na ujasiri, nisidanganye.
Ila niliporudisha daftari
Nélida aliitazama ile duara nyekundu,
akaichorea macho matatu,
na kwenye jicho moja, chipukizi.

Ijumaa bibi yake alileta mfuko.
Viazi vikavu, vyeupe, vikigongana kama kete.
Nikauliza: vinalowekwa usiku mmoja au miwili?
Maji yamwagwe mara ngapi?
Na chumvi, kabla au baada?
Yule mama, ambaye hajui kusoma,
akanisogezea kalamu yangu mwenyewe.

Andika, mwalimu, akasema.
Wewe husahau.