Buluu ya Mlango wa Nyuma

Saa nne usiku. Duka nimelifunga,
mashine ya fotokopi bado ina joto la watu wa mchana,
nami nimeichuna ndege.

Nimeitandaza bapa kwenye kioo cha kompyuta
kama fundi cherehani atandazavyo vipande kabla ya kushona:
bawa huku, tumbo kule, mkia umelala kiubavu,
pua imepasuliwa katikati kama papai.
Asiyejua atasema ni matambara.
Anayejua huona mshono.

Napaka. Tabaka la kwanza nyeupe,
la pili maungio ya mabati, la tatu ribiti,
moja moja, kwa kipanya kilichochoka kitufe cha kushoto.
Juu ya Kiwalani ndege za kweli zinashuka,
paa linatetemeka, kikombe cha kalamu kinatetemeka,
mkono nao,
rangi inavuka mstari.
Narudi hatua moja. Napaka tena.

Shirika lenyewe lilikufa kabla sijazaliwa.
Nilichonacho ni picha ya kalenda:
injini mbili, mabawa juu ya mabega,
na mbayuwayu mkiani, amepauka.

Jumanne alikuja Bi Sikujua kutoa nakala,
fomu ya mafao, kurasa tatu, shilingi mia tatu.
Akavaa miwani. Hakuitazama fomu.
"Hiyo buluu," akasema, "siyo."
Nikamwonyesha kalenda.
"Kalenda imepigwa na jua. Ndege niliipaka mimi."

Miaka kumi na mmoja ndani ya hanga,
bomba la rangi mkononi, kitambaa puani,
mwanamke peke yake, wakimwita Fundi Pindo
kwa kuwa alinyoosha mistari kwa pindo la kanga yake
mpaka siku walipokumbuka kumnunulia utepe.

Akavuta stuli.
"Mlango wa nyuma, kushoto, una buluu nyingine.
Kopo liliisha usiku, ndege inatakiwa Mtwara alfajiri.
Nikaenda nyumbani, nikachukua rangi iliyobaki ya mlango wangu,
nikatia nyeusi kidogo.
Wakubwa hawakuona. Abiria hawakuona.
Mimi, kila ilipopita juu, niliona."

Nikamweleza shida iliyopo:
aliyeiunda ndege hii alibana nafasi,
ngozi ya kushoto ndiyo hiyo hiyo ya kulia.
Kushoto unasoma MBAYUWAYU,
ukizunguka kulia unakuta UYAWUYABM.
Nikiupaka mlango wako huku, na kule utatokea.

Alicheka mpaka miwani ikashuka.
"Kosa langu lilikuwa moja, mwanangu.
Usinizidishie."

Usiku tisa nimetenganisha mbavu za ndege.
Mara mbili umeme wa LUKU uliisha nikiwa sijahifadhi,
nikabaki gizani namtukana mbayuwayu.
Siku ya sita alipita, akasimama dirishani na mfuko wa dagaa:
"Safi hivi inakwenda wapi, harusini?
Weka masizi nyuma ya injini. Weka viatu vya watu mlangoni."
Nikaweka masizi. Viatu nilivifanya mikwaruzo,
kijivu, chini ya kizingiti,
pale mguu wa mwenye haraka unapogonga.

Leo nimeirusha mbele yake.
Ikakimbia, ikanyanyuka, ikapinda juu ya Kiwalani,
Kiwalani ya humo, isiyo na watu, mapaa yamebandikwa chini kama stempu.
Nikaisogelea kwa nje, upande wa kushoto.
Madirisha yakapita. Herufi zikapita, zinasomeka.
Ukaja mlango.

Bi Sikujua hakusema kitu mpaka bawa likauficha.

Nikainuka kumtafutia fomu yake;
tangu Jumanne ililala chini ya kifuniko cha mashine.
Penye "kazi uliyofanya" ameandika kwa herufi kubwa,
zilizonyooka kuliko zangu zote:
KIBARUA.

Nikageuka. Alikuwa ameinama, pua karibu na kioo,
kidole kikifuata ndege kama anayefukuza nzi.
"Punguza nyeusi," akasema.