Pumzi ya Kuazima

Pikapu ya baba, ya mwaka hamsini na mbili,
ilizaliwa na pedali iliyochomoza sakafuni
kama uyoga wa chuma.
Breki zake zilidai mguu wa mtu mzima,
mguu wote, na nyonga, na tusi dogo la Kihispania.
Baba alikuwa nao huo mguu.
Mgodi ukambakishia nusu.

Ameketi mlangoni mwa gereji, mzee Archuleta,
goti la kulia kalinyoosha juu ya ndoo ya rangi.
Nje, New Mexico imekauka kama msasa,
theluji imebaki vileleni tu,
huko ambako hakuna aliyeiomba.
"Breki ni mguu, Benita," ananiambia.
"Hayo mengine ni mapambo."
Simjibu. Nina drili mkononi.

Nimepima mara tatu, nikatoboa mara moja,
kisha mara ya pili, kwa kuwa tundu la kwanza
liliangukia palipo nguzo ya usukani.
(Nimeliziba kwa sarafu na kulipaka rangi.
Usimwambie.)

Busta yenyewe ni sufuria mbili zilizogusana midomo,
nyeusi, ya inchi saba; ile ya tisa
ingegombana na kifuniko cha vali.
Ndani hamna kitu, na ndiyo kazi yake.
Injini huvuta pumzi kupitia mpira,
huacha utupu nyuma yake,
nawe ukikanyaga, hewa ya nje
hukimbilia kuujaza, ikusukumie.
Nilimweleza baba. Akacheka hadi akakohoa:
"Yaani umeninunulia kitu kisichokuwapo.
Dola mia mbili na kumi."

Pedali mpya inaning'inia toka juu, chini ya dashibodi.
Shingo yake nimeikata, nikaichomelea upya:
ile ya zamani ilizidisha nguvu mara sita;
hii, mara nne yatosha,
la sivyo pikapu itapiga magoti kwa kuguswa tu.
Leandro wa jirani akaja kutusaidia kutoa upepo,
miaka kumi na mmoja, kiatu kimoja hakina kamba.
Kanyaga. Shikilia. Nikafungua nati.
Mafuta yakatoka na mapovu, yakanitiririkia mkononi.
Achia. Tena.
Mpaka mapovu yakakoma
na mtoto akaniuliza kama Mungu naye hutolewa upepo.

Jaribio la kwanza halikufika hata mwisho wa uchochoro.
Magurudumu ya mbele yakafuka moshi.
Baba akainua pua kabla sijashuka:
"Nani anaikanyaga hiyo breki
na wewe hujaikanyaga?"

Ilikuwa ile fito, kati ya busta na masta silinda.
Ndefu mno, kwa unene wa ukucha.
Nami niliipima! Niliipima usiku, kwa tochi, nikiwa na njaa.
"Iachie nafasi ya kupumua," akasema.
"Hata mimi na mama yako tuliachiana nafasi."
Marehemu mama angekuwa na maoni yake kuhusu hilo.

Nikafungua. Nikazungusha nati mizunguko miwili na robo.
Nikafunga.

Jioni akajiinua, akajivuta hadi kitini,
akaufunga mlango kwa mikono miwili.
Injini haijawashwa. Akakanyaga mara tatu,
pedali ikagoma, ngumu kama zamani.
Akaiacha soli palepale, akawasha,
na pedali ikazama kidogo chini ya mguu wake,
yenyewe.

Akazima. Akarudia.
Akarudia mara sita, bila kunitazama,
na mimi nikafuta spana zilizokwisha kuwa safi.

Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri.
Baba hajui methali hiyo, wala sikumfundisha.

Akaenda mpaka njia panda, penye banda la pilipili lililofungwa.
Nilimwona toka mbali: taa za nyuma zikawaka,
pua ya pikapu ikainama taratibu,
mbwa akavuka barabara bila haraka yoyote.

Aliporudi aliteremsha kioo.
"Usukani," akasema, "unavuta kushoto."